Mstari wa Muda Kwenye Swichi ya Mbeya

Mnisamehe kwa mwandiko unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba huko Kalenga, na naandika polepole. Kwa hayo mawili naomba radhi. Kwa yanayofuata siombi.

Kazi yangu ya kwanza mjini Iringa ilikuwa kupanda ngazi na kuvuta kebo katika kampuni ndogo ya intaneti. Mimi ni msichana mwenye aibu, sikuwa na maneno mengi. Fundi mkuu alipopanga swichi, kile kisanduku kinachoelekeza njia za mtandao, nilisimama nyuma yake na kunakili kila mstari wa amri kwenye daftari. Mkono wangu ni mzito, kwa hiyo kila mstari niliuliza ni wa nini, na sababu yake nikaiandika pembeni.

"Kamwene, la saba!" alikuwa akinisalimu. "Leo hiyo Biblia yako ya daftari imefika sura ya ngapi?"

Nilichojifunza ni hiki. Swichi haijui mji wowote. Lazima ijue kwamba anwani za Iringa zinapitia mlango fulani. Unaweza kuiandikia njia kwa mkono. Hiyo huitwa static, na inakaa hivyo mpaka mtu aiguse. Au unaziacha swichi zipashane habari zenyewe, na njia moja ikifa zishike nyingine. Hiyo ni dynamic. Zikiwepo zote mbili, swichi hufuata kwanza ile ya mkono.

Chumba chetu cha mitambo cha Mbeya kilipofunguliwa, hakuna aliyetaka kwenda kwenye baridi. Tajiri, mwenye kampuni, akanipa mimi ufunguo.

"Wiki mbili tu, mwanangu, mpaka nimpate mwenye cheti. Usiguse mipangilio. Ukiharibu, unarudi kwenye ngazi."

"Sawa, mzee," nilisema. Lakini ufunguo ule niliutaka uwe wangu.

Siku ya tisa, asubuhi, mama wa duka la dawa akasimama mlangoni. Kompyuta yake ilikuwa haiioni stoo yake ya Iringa. Wenye fiber, ile kebo inayotuunganisha na Iringa, walikuwa wameshatuma ujumbe: katapila la barabara limekata kebo. Lakini sisi tulikuwa na njia ya pili, ya redio, iliyowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Mbona haikushika?

Nikampigia fundi mkuu huko Iringa.

"Taa ya mlango wa fiber inawaka?"

"Inawaka."

"Basi njia ipo. Zima, washa."

"Kaka, inawaka kwa sababu kisanduku cha fiber kiko humu chumbani na kina umeme. Kebo imekatika huko mbali."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe."

Akacheka. "Kaa mbali na swichi, mdogo wangu. Nakuja kesho."

"Kesho?" mama wa dawa akadakia. "Wagonjwa wangu niwaambie waugue kesho?"

Nikafungua daftari. Pembeni ya mstari mmoja wa static, unaopeleka Iringa kwa fiber, nilikuwa nimeandika: "Ya muda. Dynamic haijakaa sawa. Itolewe ikikaa." Dynamic ilikaa sawa, na hakuna aliyeutoa. Kwetu kitu cha muda ndicho hudumu. Lori likiharibika barabarani, utingo hukata matawi na kuyapanga lamini. Lori likiondoka, matawi hubaki, na magari huendelea kukwepa kitu ambacho hakipo.

Nikatazama upande wa redio. Swichi ya Iringa ilikuwa inasalimiana na ya kwetu vizuri tu. Niliambiwa nisiguse. Nikagusa. Kuufuta mstari, unauandika uleule ukitanguliza neno la kukataa. Nikauandika herufi moja moja, kisha nikaiita swichi ya Iringa kwa kompyuta.

Kimya.

Nikapiga simu tena. "Kaka, nimeutoa mstari wa muda wa huku. Toa na wa huko."

"Umefanya nini?"

"Uliweka miwili siku ile, nimeiandika yote. Ujumbe wetu sasa unafika Iringa. Majibu ndiyo yanarudi kwa njia iliyokatika."

"La saba unaniamuru mimi?"

"Ndiyo. Toa, mama amesimama hapa."

Sijawahi kumjibu mtu hivyo, hata mdogo wangu anayenifuata. Nikasikia vidole vyake kwenye laptopu. Kisha Iringa ikajibu, na tena ikajibu. Mama wa dawa alikuwa na simu sikioni. "Imefunguka!" akapiga kelele, akaondoka bila kuaga.

Jioni fundi mkuu alipiga kwa sauti ya upole. "Kwenye ripoti andika kwamba nilikuelekeza. Tutapona wote."

"Hapana, kaka."

Ripoti niliiandika mwenyewe, kurasa mbili, kutwa nzima: kwamba nilikatazwa, kwamba niligusa, na kwa nini. Nikaituma Iringa kwa basi.

Tajiri alikuja mwenyewe. Begi langu lilikuwa limefungwa, na ufunguo uko mezani. Akanirudishia karatasi zangu. Alikuwa amesahihisha makosa yote ya herufi kwa kalamu nyekundu. Kile nilichokifanya hakukisahihisha.

"Na mwenye cheti?" nikauliza.

"Atashika ngazi Iringa. Fungua begi lako." Akausukuma ufunguo upande wangu.

Ninao hadi leo. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuambiwa usiguse kitu unachokijua, niandikie ulifanyaje. Usiogope kukosea herufi. Nitasoma polepole, na polepole vilevile nitakujibu.