Mistari Mitatu Kabla ya Hita

Mashine ya kutotolesha vifaranga aliyoitengeneza marehemu mume wangu ilikuwa Ilula, kwa mama mmoja mfugaji. Mimi nilikuwa Iringa mjini, ndani ya eda, sitoki. Asubuhi moja yule mama akanipigia simu. Alianza na pole, kisha akasema umeme ulikatika, na uliporudi hita iliwaka moja kwa moja bila kupima joto kwanza, mayai nusura yaive. Alikuwa ameizima kwa mkono na kuyafunika kwa mablanketi. Mayai yalikaribia kuanguliwa, na baridi ilikuwa kali.

"Mwanangu," alisema, "sina mwingine wa kumuuliza."

Nami sikuwa naye. Shule niliishia kidato cha pili, kule Mbalizi. Nilichojua nilikipata kwa kukaa kando ya mume wangu. Yeye aliandika maagizo kwa maneno ya kawaida, na programu aliyoitunga mwenyewe, aliyoiita kompaila, iliyageuza kuwa mistari mifupi yenye namba, kila mstari hatua moja: pima, washa, zima, ruka uende mstari fulani. Mistari hiyo ya kati ndiyo iliyogeuzwa tena kuwa lugha ya mashine. Maneno yake ya mwanzo yalipotea na laptop, kwenye ajali iliyomchukua. Kwenye kompyuta ya nyumbani ilibaki mistari ya kati tu, na programu ya kuigeuza kuwa lugha ya mashine.

Ilibidi niingize mistari mipya humo humo. Niliogopa. Nikikosea, hita haitazimika, na mashine ile iko chumba kimoja na magunia ya pumba. Tena ilikuwa kazi yake ya mwisho, na mimi ndiye ninayeanza kuichokonoa.

Juu ya mstari wa kuwasha hita niliandika mitatu: pima joto, linganisha, kama limezidi usiwashe. Mistari yote ya chini ikasogea. Lakini agizo la kuruka halijui kwamba mstari wake umehama, linakwenda kwenye namba ile ile ya zamani. Nikapita nikirekebisha namba moja moja.

Mume wangu hakuiamini kazi kabla ya kuiigiza. Alisoma mistari kwa sauti, mimi nikashika tochi iliyosimama mahali pa hita. Sasa msomaji nilikuwa mimi. Shemeji yangu, mdogo wake, alikaa sebuleni upande wa pili wa pazia, maana katika eda hatukuonana. Nikamwomba ashike tochi. Akatania kwamba amesomea udereva, leo amekuwa hita. Sikuweza kucheka.

Umeme umerudi, nikasoma. Pima. Joto dogo. Washa. Duara la mwanga likatokea kwenye pazia. Pima. Limezidi, ruka. Subiri. Pima. Limezidi, ruka. Subiri. Nikaendelea hivyo, na mwanga uko palepale.

"Shemeji," alisema taratibu, "mbona huniambii nizime?"

Ruka moja ilikuwa imenipita. Zamani iliangukia kwenye kuzima, sasa iliangukia kwenye kusubiri. Nikaibadilisha, tukarudia tangu mwanzo, na mwanga ukazimika kwenye pazia. Nikaingiza kazi kwenye kibao cha akiba, saketi inayoiongoza mashine, shemeji akapanda pikipiki kwenda kukifunga Ilula. Adhuhuri nilisali bila kujua nasoma nini.

Simu ilipoita, yule mama alisema wamezima swichi kubwa na kuirudisha.

"Imepima kwanza. Haya, imewaka."

Hakukata simu. Nilimsikia akipumua karibu na mashine. Nilitaka kumwambia akae mbali nayo.

"Imezima," akasema. "Imezima yenyewe, mwanangu."

Vifaranga walitoka, si wote. Yeye alisema waliokufa waliuawa na baridi ya asubuhi ile. Mimi sijui. Hadi leo, umeme ukikatika na kurudi, naacha ninachofanya na kuitazama simu.