Mgeni Rasmi wa Darasa la Jumamosi

Wiki ile mwanasiasa mmoja alihutubia Tunduma akiwa juu ya gari. Alisema wasomi wa vyuo vikuu wanawafundisha wake za watu kuwapanda waume zao kichwani, na kwamba yeye atasimama na wananchi wa kawaida. Alishangiliwa sana. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya muuza mahindi ya kuchoma, na kwa kuwa somo ninalofundisha chuoni ni jinsia na maendeleo, nilijua ninasemwa mimi.

Ijumaa mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watoto watatu anayeuza vitenge karibu na mpaka, alinipigia simu.

"Madam, mume wangu naye alikuwa mkutanoni. Kesho anakuja darasani kusikiliza mwenyewe. Asiporidhika, amesema ndiyo mwisho wa mimi kusoma."

"Aje," nilimwambia. "Darasa halina siri."

Ujasiri ulikuwa wa kwenye simu tu. Mama yule alikuwa amebakiza muhula mmoja.

Jumamosi nilichelewa kidogo, maana foleni ya malori ilikuwa imeziba hata njia ya bodaboda. Nilipoingia, nilimkuta mwanaume mwenye koti la kijivu ameketi mbele, kwenye kiti changu, amewekewa chupa ya maji. Darasa zima limekaa wima. Kiongozi wa darasa, bwana mmoja wa Chitete anayependa itifaki kuliko masomo, alininong'oneza:

"Madam, huyu ametumwa kutuchunguza. Tumempokea kama mgeni rasmi."

Nilimtazama muuza vitenge. Alikuwa ameinamia daftari, mabega yakitikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Hapo nikajua mgeni ni nani. Ningeweza kuwasahihisha, lakini sikufanya hivyo. Mgeni mwenyewe alionekana amekipenda kiti.

Kazi ya siku ilikuwa kueleza "mwananchi wa kawaida" anayetajwa kwenye hotuba za kisiasa ni nani hasa. Vikundi vyangu vina desturi yao: mwanaume anakuwa mwenyekiti na ndiye anayewasilisha, mwanamke anakuwa katibu na ndiye anayeandika. Nimeipigia kelele muhula hadi muhula bila mafanikio. Siku hiyo, kwa kumwogopa mgeni, kila mwenyekiti alikumbuka ghafla kwamba katibu wake ndiye anayeelewa zaidi. Ndivyo muuza vitenge alivyojikuta amesimama mbele ya mumewe.

"Mwananchi wa kawaida ni mimi," alianza. "Asubuhi nafungua duka, naongea Kibemba na wateja wa Zambia, mchana nampelekea mama mkwe dawa. Mkutanoni tulijaa wanawake, tena vigelegele vyote vilikuwa vyetu. Lakini yule mheshimiwa alipotutaja, alitutaja kama watu wa kuchungwa. Nikajiuliza, sasa mimi nimekuja hapa kumshangilia nani?"

"Sema, dada!" alipaza sauti mwenyekiti wake, aliyekuwa amejificha nyuma kabisa.

Walipomaliza wote, kiongozi wa darasa alimwomba mgeni rasmi aseme neno. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mimi sijatumwa na mtu. Huyo mwenye vitenge ni mke wangu."

Darasa lililipuka kwa vicheko. Bwana wa Chitete akaficha uso kwa kitabu.

"Shemeji, rudisha maji yetu!" mtu alipiga kelele.

Mgeni alicheka nao, kisha akatulia. "Nilikuja kusikia mnavyofundishwa kutudharau. Hilo sijalisikia. Lakini Madam, yule mheshimiwa hakukosea kila kitu. Ninyi wasomi huwa hamtuulizi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa chuo kunipa kiti na kuniambia niseme."

Niliyaandika maneno yake kwenye daftari langu.

Baada ya kipindi nilisimama mlangoni, nikijifanya napanga karatasi. Mgeni alikuwa ameshapanda pikipiki, mkewe amesimama kando.

"Kwa hiyo?" mke aliuliza.

"Kwa hiyo nini?"

"Umeridhika?"

Alipiga kiki mara mbili, injini ikawaka. "Jumamosi ijayo duka atafungua nani?"

"Wewe."

"Vitenge mimi sivijui."

"Utafundishwa," mke alisema, akapanda nyuma yake.