Zebaki Kwenye Kijiko

Nilipopewa kazi ya kufundisha kemia Salamabila, shule ilikuwa na ubao, madawati, na kabati moja tupu ambalo mtu alikuwa ameliandika kwa chaki: Laboratwari. Nilikuwa nimefika kutoka Kasongo kwa pikipiki, siku mbili za matope, vitabu vyangu viwili vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Prefe, yaani mkuu wa shule, alinifungulia lile kabati, akanionyesha utupu wake, akasema, "Madamu, utajipanga."

Nikajipanga na vitu vya jikoni. Sukari tuliipasha moto ndani ya kopo mpaka ikawa makaa, na wanafunzi wakaona matone ya maji yameganda kwenye kifuniko. Kitu kimoja kimevunjika kikawa viwili. Msumari tuliulaza kwenye maji ya chumvi, baada ya siku chache ukavaa kutu. Tulikamulia ndimu kwenye majivu, yakatoa povu na mlio kama mtu anayenong'ona. Maji mekundu ya ngaingai, ile mboga chachu, niliyatia maji ya majivu yakageuka rangi ya majani, na darasa zima likaguna. Kila mara niliuliza: kile cha mwanzo kimeenda wapi? Walipaswa kujibu kwamba hakijapotea. Kimegeuka, au kimehama.

Aliyekuwa akijibu wa kwanza alikuwa msichana mmoja wa dawati la mbele, mrefu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Baba yake alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Siku moja nilikuwa nimewaambia kila mtu alete kitu cha nyumbani ili tukijaribu. Wengine walileta chumvi, sabuni, na mafuta ya mawese. Yeye alifungua leso akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, na ndani yake kulikuwa na zebaki, ile ambayo wachimbaji hukamatia unga wa dhahabu.

"Madamu, kwetu hii nayo iko kitu ya nyumba," alisema.

Nilikuwa nimesoma juu ya zebaki. Nilijua ni sumu, na kwamba moshi wake ni mbaya kuliko yenyewe. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua. Lakini sikuwa nimewahi kuishika, na ilikuwa nzuri mno. Niliimwaga kidogo mezani ikakimbia kama kitu chenye uhai. Wanafunzi walisukumana kuigusa, nami nikawaacha. Kisha msichana akatoa na unga kidogo wa dhahabu kwenye karatasi. Tulivichanganya vikawa donge la kijivu, nikaliweka kwenye kijiko, nikakishikilia juu ya jiko la makaa pale pale darasani. Donge lilififia, likatoa moshi mwembamba ambao karibu hauonekani, na kijikoni ikabaki chembe ya njano. Darasa lilipiga makofi.

"Na zebaki imeenda wapi?" aliuliza yule msichana. Lilikuwa swali langu mwenyewe.

"Hewani," nikamjibu. "Imekwisha." Kengele ilikuwa imelia, na nilikuwa na furaha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Nilikuja kujua baadaye kwamba kabla ya somo lile baba yake alikuwa akichoma dhahabu nyuma ya nyumba, kwenye upepo, peke yake. Baada ya somo, binti alimwambia kwamba yeye anajua kazi hiyo, ameisomea. Baba alikuwa akishinda machimboni, basi akamwachia. Na kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, akawa anachomea jikoni, mlango umefungwa, mama yake akipika pembeni na mtoto mchanga mgongoni.

Mtoto yule alikufa kabla mvua hazijaisha. Nilikwenda matangani pamoja na walimu wengine, nikaketi mkekani na wanawake. Walisema ni homa, na kwamba alikuwa hanyonyi. Sikufikiri kitu kingine.

Dalili niliziona katika mitihani. Karatasi ya yule msichana ilikuwa na majibu yote sahihi, lakini herufi zilikuwa zimepinda na kurukaruka, kama zimeandikwa juu ya pikipiki. Nilimwita mbele ya ubao nikamwomba anyooshe mikono. Vidole vilitetemeka. Alivitazama pamoja nami, akacheka kidogo kwa aibu.

"Nyumbani wanasema ni mambo ya watu, kwamba nimerogwa," akasema. "Wanataka kunipeleka kwa muganga."

"Dhahabu munachomea wapi?"

Aliponiambia ni jikoni, nilifunga karatasi za mitihani nikachukua mfuko wangu.

Siku hiyo hiyo nilifuatana naye mpaka kwao. Mama yake alikuwa mwanamke mkimya, bado amefunga kitambaa cha matanga. Nilimwomba donge moja la dhahabu lenye zebaki na sahani ya bati. Tulitoka uani, nikawasimamisha upande unakotoka upepo, nami nikajifunga kitambaa puani. Niliweka kijiko juu ya makaa, na juu ya moshi nikashika ile sahani, imejazwa maji baridi. Nilipoigeuza, tako lake lilikuwa limefunikwa ukungu wa kijivu. Nikaupangusa kwa jani la mgomba, na mbele ya macho yao ukungu ukajikusanya kuwa vitone vidogo vinavyong'aa.

Mama aliinama akavitazama. Kisha akageuka akatazama jiko lake, paa lililojaa masizi, kuta za udongo, vyungu.

"Kumbe ilikuwa inabaki mule ndani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani alikufundisha kuchoma hii?" alimuuliza binti yake.

Nilifungua kinywa. Msichana akanitangulia. "Niliona kwa baba," akasema, bila kunitazama.

Mama akanigeukia mimi. "Na ule mutoto wangu, Madamu? Ni hii ndiyo ilimuua?"

Nilimjibu kwamba siwezi kujua. Ilikuwa kweli, na hata leo siwezi. Watoto wachanga hufa Salamabila kwa sababu nyingi. Lakini nilijibu upesi, kama mtu anayefunga mlango, nikaaga.

Jiko lile lilibomolewa. Msichana alipelekwa kwa shangazi yake Kasongo, mbali na moshi, na mikono yake ikatulia, ingawa si kabisa. Leo anafundisha shule ya msingi. Nami nilirudi Kasongo. Bado nafundisha kwa ndimu na majivu, na ninapowasha kitu darasani madirisha yote huwa wazi, lakini wanafunzi wanapopiga makofi mimi huwaomba waache. Mara nyingine katikati ya somo namwona mtoto yule wa mgongoni, kichwa kimelala upande, kama nilivyomwona siku moja mama yake alipopita karibu na shule. Sikumtazama zaidi ya mara hiyo moja. Nashangaa namna ninavyomkumbuka.

Mwaka jana nilisikia kwamba mama naye amehamia Kasongo kwa binti yake. Ilinichukua majuma kadhaa kwenda. Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote: chupa, kijiko, neno nililosema kwamba imekwisha, na jinsi nilivyomwacha binti yake anifiche.

Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," alisema. "Aliniambia siku ile ile, ulipotoka tu. Alilia sana. Nikamwambia anyamaze, Madamu atakuja kusema mwenyewe." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nilikungoja. Kisha nikaacha kungoja."

Nilisema nisamehe. Aliutikisa ungo. Kisha akausogeza ukawa kati yetu sisi wawili, nami nikaanza kutoa mawe na maharage yaliyooza. Tulichambua mpaka jua likahama ukuta. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama mama yangu bado iko muzima, nikamwambia ndiyo, akasema nimusalimie.