Waliobeba Gari la Kondo

Haya ninayoandika yalitokea. Sikuyasikia barazani wala sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na miguu iliyokimbia ni yangu. Najua hata mwongo huanza hivi hivi, kwa hiyo ukinitilia shaka sikulaumu. Mimi mwenyewe hujitilia shaka. Nilisoma hadi darasa la nne tu, ila nina mazoea ya kuandika kila jioni mambo yaliyonipata mchana, na humo nimejifunza kwamba mtu huongeza chumvi bila kukusudia. Hapa nimejitahidi nisiongeze. Nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Shemeji yangu Kondo, mume wa dada yangu Mwanahawa, alikuwa fundi wa magari hapa Kisarawe. Fundi hasa, nisimpunje. Bwana Misitu mmoja wa Kizungu alipohamishwa, aliacha nyuma ya ghala gari dogo la zamani, la watu wawili, ambalo kuku walikuwa wakitagia. Kondo akaliomba, akapewa. Fundi mwingine angelitengeneza litembee tu. Kondo alitaka liruke. Aling'oa injini yake ndogo, akatia injini ya lori la jeshi lililokuwa limekufa tangu vita viishe. Injini haikuenea. Akakata bodi kwa mbele, akaimarisha chesisi kwa vipande vya reli, akatupa madigadi yote ya matairi, na boneti hakuirudisha, kwa hiyo injini ikakaa wazi kama matumbo ya mbuzi aliyepasuliwa. Siku lilipowaka mara ya kwanza, bata wa jirani walitoroka hadi jioni.

Sasa sikiliza habari ya mbao, maana bila hizo hutanielewa.

Magari yale ya zamani nje ni bati, ndani ni mbao. Za hili zilikuwa zimeliwa na mchwa zote. Kondo alitaka mbao kavu, ngumu, zisizopinda, na nyuma ya msikiti wetu kulikuwa na jeneza kuukuu la mvule, limeegemezwa ukutani tangu watu walipotengeneza jipya. Tulikwenda pamoja kwa Mzee Pazi, mwangalizi wa msikiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuswali au kutazama mbao? Maana huyu Kondo siku hizi hata kwenye sijda jicho lake liko nyuma ya msikiti."

Kondo akacheka, akaeleza shida yake.

"Chukueni," akasema mzee. "Limestaafu, kama mimi. Afadhali nyinyi kuliko mchwa. Ila litieni kazi ya heshima."

Kwa hiyo hakuna aliyeiba, na naomba hilo likumbukwe. Kama gari la mbio ni kazi ya heshima au si kazi ya heshima, mimi sijui, na sikuuliza.

Jeneza la kwetu lina miti miwili mirefu ubavuni, na ncha zake nne hutokeza mbele na nyuma ili wabebaji waweke mabegani. Mwanamume akikutana na maiti njiani, hata kama hamjui, huacha shughuli yake, akamgusa mbebaji mmoja begani, akapokea ncha kwa hatua chache, kisha naye akapokewa na mwingine. Ndivyo tunavyozikana. Kondo alilaza miti ile chini ya sakafu ya gari, mmoja kila upande, mbao akafanyia sakafu na kiti. Ncha hakuzikata.

"Mchanga wa njia ya Masaki unaujua?" aliniambia. "Gari likizama, watu wanashika ncha hizi, wanainua, tunaendelea."

Nikaona ni akili. Hata leo naona ilikuwa akili.

Kulikuwa na Mgiriki mwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha, mpenda magari. Alimwambia Kondo kwamba akilifikisha gari lile shambani kwake kwa nguvu zake lenyewe, bila kuvutwa, atamwajiri kuwa fundi mkuu wa malori yake. Kondo akaamua kupita njia ya magogo, inayotoka kijiji cha Masaki ikakata msitu hadi Mbwawa, kwa sababu ni fupi. Asubuhi ya safari dada yangu aliniita jikoni.

"Nenda naye," alisema. "Huyo akishika usukani hasikii la mtu. Nirudishie mume wangu."

Nikamwambia nitamrudisha. Ungemjibu nini?

Masaki tulisimama kuomba maji ya rejeta. Watu waliacha mihogo yao juani wakaja kutazama.

"Kondo," akasema mtani wake mmoja, "gari hili mbona limezaliwa kabla ya miezi yake?"

"Panda nikupeleke Kibaha, urudi kabla ugali wako haujapoa."

"Nipande wapi? Humo hata jogoo wangu atabaki miguu nje."

Walicheka, nasi tukacheka. Lakini rejeta ilikuwa inavuja, na kila baada ya mwendo mfupi tulisimama kungoja injini ipoe. Tulipoingia msitu wenyewe, jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya miti. Palipo tambarare Kondo alilifungulia, na niamini, gari liliruka kweli. Machozi yalinitoka kwa upepo. Sikuwa na raha hata kidogo. Nilishika ubao wa kiti kwa mikono miwili nikahesabu miti iliyotukosa.

Bondeni, kabla ya kupanda kwenda Mbwawa, tukazama. Magurudumu ya nyuma yalichimba mchanga hadi bodi ikakaa chini. Injini ikazima. Ukimya wa mahali pale sikuupenda; ilikuwa saa ya magharibi, wakati ndege hupiga kelele, nao hawakupiga. Au labda masikio yangu yalikuwa bado yamejaa mngurumo. Hilo sina hakika nalo.

"Kata matawi tuweke chini ya matairi," Kondo akasema. Yeye akabaki kwenye usukani.

Nikaingia vichakani na panga. Nilikuwa sijakata mengi niliposikia Kondo akisema na watu. "Ahsanteni sana, ndugu zangu. Hapa hapa panatosha." Nikafurahi kwamba tumepata msaada. Kisha nikajiuliza: mbona sikusikia salamu? Huku mtu hawezi kukukuta njiani, tena umekwama, asikupe hata hujambo.

Nikatoka barabarani. Gari lilikuwa linakwenda. Halikuwa juu ya magurudumu. Watu wanne, wamevaa kanzu na kofia, walikuwa wamelibeba mabegani kwa zile ncha nne, na Kondo yumo ndani, mkono kwenye usukani. Hebu fikiri. Gari lile, pamoja na vyuma vya reli na injini ya lori, sisi wenyewe tulipotaka kuliinua upande mmoja tulihitaji vijana sita wa gengeni.

Kondo bado alikuwa anacheka. "Shemeji, tazama! Leo nabebwa kama sultani."

Nikawafuata. Nikakimbia. Wao walikuwa wakitembea, mwendo ule wa hatua fupi za haraka, nami nakimbia kwa nguvu zangu zote, na nafasi kati yetu haikupungua hata kidogo. Wakaacha barabara, wakaingia kulia, mahali ambapo miti imesongamana kiasi kwamba mtu hupita ubavu ubavu. Wao walipita na gari. Kondo hakucheka tena. Nilimsikia akisema, "Jamani, niteremsheni. Jamani, ndugu zangu." Hawakumjibu. Kisha sauti yake ikawa nzito, kama ya mtu anayesinzia, na nikaona kichwa chake kinaegemea nyuma, mabega yanateleza, anashuka kwenye kiti taratibu kama anayelazwa.

Nilitaka kurudi. Naandika ukweli: nilitaka kurudi Masaki nikaite watu. Kilichonizuia si ushujaa. Ni kwamba nilimwona dada yangu jikoni anauliza yuko wapi, na sikuwa na jibu. Ndipo nikautambua ule mwendo wao. Nimeutembea mara nyingi. Ni mwendo wa kwenda makaburini.

Nikaacha kukimbia. Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikaanza kutembea kama wao, hatua fupi, nikisema shahada kwa sauti ya chini kama tunavyosema tunapozika. Na papo hapo nikawa nyuma yao kabisa, mgongo wa yule wa nyuma kushoto uko mbele ya uso wangu. Haukuwa na harufu yoyote, hata ya jasho. Nikamgusa begani.

"Nipe," nikasema. "Nipokee."

Akainamisha kichwa, akatoka, akanipa. Nikaweka ncha begani. Uzito haukuwepo. Ilikuwa kama kubeba jeneza linalorudishwa msikitini baada ya mazishi.

Nikamwita Kondo bila kupaza sauti. Nikamwambia, "Inuka. Ni mimi. Shuka uje upokee." Hakusikia. Nikamwita tena, safari hii nikamtaja mke wake. "Mwanahawa anakungoja. Shuka ubebe." Nikaona mkono unatafuta ukingo wa bodi. Alijivuta, akaanguka chini kama gunia, nikaogopa hatainuka. Akainuka. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa ghafla, lakini mikono ilijua la kufanya, maana tangu ubarobaro wetu tumefanya hivyo. Akaenda mbele, akamgusa mmoja begani, akapokea.

Basi msafara ukasimama. Yule aliyebaki mbele, upande wa pili, akageuza kichwa kidogo. Uso wake sikuuona vizuri, na sitaki kusema niliuona.

"Nani aliyelazwa?" akauliza. Sauti ya kawaida tu, ya mtu mpole.

Nikajibu mimi. "Hakuna aliyelazwa. Ni tupu."

Wakaliteremsha. Mmoja wao akapitisha kiganja juu ya ubao wa kiti, kama mtu anayetafuta joto la aliyetoka kulala pale.

"Tumewahi mno," akawaambia wenzake.

Wakaondoka kati ya miti, kwa mwendo ule ule. Sisi tulishikana mikono kama watoto hadi Mbwawa.

Asubuhi wanaume wa Mbwawa walikwenda nasi. Walilikuta gari katikati ya miti, na kutoka barabarani hadi pale hapakuwa na alama ya gurudumu wala tawi lililovunjika. Iliwabidi wakate miti ili kulitoa. Wapo, wanaishi, unaweza kuwauliza. Mbao na miti ya jeneza tuliing'oa tukaipeleka kwa Mzee Pazi. Alitusikiliza hadi mwisho, akaizika mwenyewe kwa mikono yake bila kumlaumu mtu. Injini Kondo alimpa fundi mwingine, na kwa Mgiriki hakwenda tena.

Ni haki niandike na maneno yake. Kondo anasema wale walikuwa wachoma mkaa kutoka Magindu, watu wa kimya, wenye nguvu, na kwamba mimi niliingiwa na hofu nikamwambukiza. Inawezekana. Sikuwa na taa, na nilikuwa na hofu tangu asubuhi.

Lakini tangu siku ile Kondo halali kitandani. Anasinzia ameketi kitini, mgongo ukutani, na dada yangu amemshonea mto wa kuzuia shingo. Ukimuuliza, anasema ni mgongo unauma. Alipopata homa kali masika yaliyopita, na mganga wa zahanati akataka alale chali apimwe, alishika nguzo ya mlango, mtu mzima yule, akalia. Tulimpima ameketi. Dada yangu aliniomba nimrudishie mume, na nilimrudisha. Kila nikimwona kwenye kile kiti najiuliza kama nilimrudisha mzima.

Wewe unayesoma, mimi si shehe wala mganga, na sina la kukufundisha ila hili moja. Ukiuguliwa nyumbani, ukawaona uani wanaume wanne wamesimama, hawabishi hodi, hawaulizi hali, toka uwasalimie. Wakiitikia, ni majirani, wakaribishe. Wasipoitikia, usipoteze wakati kuwafukuza. Rudi ndani, umwinue mgonjwa wako, umketishe.