Fundi Djamali na Mwezi Ulioliwa na Moshi

Fundi Djamali wa Kasongo ameshonea nusu ya mtaa, na nusu nyingine bado inasubiri, maana fundi huyu haharakishwi. Ukimletea kitambaa hukipeleka kwanza mlangoni, akakigeuzageuza juani, akakuuliza kimetoka wapi na kwa nini kimefifia upande mmoja. Mwenye haraka na akereke tu.

Mbali na cherehani alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara: kuutazamia mtaa mwezi mwandamo. Baba yake aliifanya kabla yake, hadi alipopofuka. Mwezi ukitarajiwa, jua likishazama, Djamali husimama uwanjani nyuma ya msikiti akitazama magharibi, na watu humngoja aseme. Akisema upo, basi upo.

Mwaka huu mwezi wa Maulidi uliangukia mwisho wa Agosti, wakati mashamba yanachomwa kila upande na matanuri ya makaa hayazimwi. Jua lilizama jekundu, dogo, mtu angeweza kulikazia macho bila kupepesa, na mahali pake pakabaki utando wa kahawia. Djamali alitazama mpaka shingo ikamuuma. Mwishowe akawageukia watu akasema, "Mwezi hakuna."

Asubuhi simu ikapigwa kutoka mji wa Wamaza. Wenzao huko walikuwa wameuona, tena wengi wao. Mtaa ukalazimika kuianza upya hesabu ya Maulidi, na mtaa ukisumbuliwa hivyo lazima utafute wa kumcheka.

"Papa Djamali, tukununulie lunete?" wakamuuliza, wakigusa macho yao kana kwamba wamevaa miwani.

Alicheka nao, kisha akarudi kwenye cherehani yake akiwa na hofu. Alikuwa na hofu kwelikweli. Baba yake naye alianza hivyohivyo, kwa kukosa kuuona mwezi.

"Macho yako iko muzuri, Baba Soraya," mkewe Feza akamwambia. "Moshi ndiyo ilifunika."

"Moshi gani? Nyumba ya ng'ambo niliiona vizuri."

Hata hivyo neno la Feza halikumtoka kichwani. Moshi unawezaje kumwachia mtu nyumba, ukamnyima mwezi?

Akakata vipande viwili vya bafta nyeupe. Kimoja akakitundika juu ya kuni kavu zilizowaka kwa miali, kingine juu ya kuni mbichi zilizofukuta tu. Feza akalalamika kwamba jiko lake limegeuzwa karakana, lakini kila alipopata nafasi alikuwa yeye wa kwanza kuchungulia. Kitambaa cha kuni kavu kikashika masizi meusi. Cha kuni mbichi kikawa na rangi ya chai. Djamali, miaka yote hiyo, alikuwa akidhani moshi ni moshi.

Akakitandaza kile cha rangi ya chai juu ya nyuzi zake, akavitazama pamoja mlangoni. Uzi mwekundu ulibaki mwekundu. Uzi wa buluu ulififia hadi ukakaribia weusi.

"Inakula buluu," akamwambia Feza. "Nyekundu inaiacha ipite."

"Ndiyo maana jua ilikuwa nyekundu?"

"Ndiyo maana."

Usiku ule alikosa usingizi kwa furaha, si kwa hofu. Akakikunja kitambaa mara moja, akaona mwanga wa mlango. Akakikunja tena na tena, mwanga ukapotea. Basi nyumba ya ng'ambo ilikuwa nyuma ya mkunjo mmoja tu wa moshi. Mwezi mchanga, chini kabisa kule magharibi, ulikuwa nyuma ya mikunjo yote kuanzia hapa hadi mto Lualaba na kupita. Vipande hivyo akavisahau ukutani, juani, na alipovikumbuka, cha chai kilikuwa kimepauka, ila masizi ya kile kingine yalikuwa meusi vilevile. Akacheka peke yake kwa kuwaza kwamba moshi nao huzeeka njiani, na jua linaloliwa nao huupausha pia.

Lililobaki lilikuwa Wamaza. Kwa nini wao waliuona? Jibu lilikuja na Bruno, dereva wa pikipiki aliyetoka huko na suruali ya kurefusha. Matairi yake yalikuwa na tope lililokauka, na Kasongo nzima ilikuwa vumbi tupu.

"Kule mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha sana, Papa. Siku ile ya mwezi, mchana."

Mvua ilikuwa imeosha mbingu ya Wamaza. Djamali aliisimulia habari hiyo mtaa mzima, vitambaa mkononi, na waliomcheka wakaomba wavishike. Jambo moja tu lilimkera, neno lake mwenyewe. Mtu hawezi kusema mwezi hakuna. Anaweza kusema hakuuona.

Septemba mvua ikafika Kasongo. Jioni ya mwezi mpya mbingu ilikuwa safi, na safari hii Feza alikuja naye uwanjani. Djamali akatazama magharibi bila wasiwasi. Akatazama tena. Akapangusa macho kwa kanzu.

"Ule pale," Feza akanong'ona. "Juu ya michikichi."

Aliiona michikichi. Juu yake hakuona kitu.

Watu walikuwa wakimngoja. Angeweza kunyoosha kidole alikotazama mkewe, na nani angejua?

"Miye sikuuona," akasema kwa sauti. "Mama Soraya ameuona. Mumufuate yeye."

Uwanja mzima ukamgeukia Feza. Djamali akamsogelea, akamshika mkono.

"Iko na rangi gani?"

"Nyeupe."

"Haina chai hata kidogo?"

"Hata kidogo," Feza akasema, akilia.

"Basi ile ya Agosti ilikuwa moshi kweli, ya leo ni macho yangu," akasema Djamali, na akaendelea kutazama juu ya michikichi.