Vitara Katikati ya Kahawa

Mama mkwe wangu alinikuta namchoma mwanawe kifuani kwa chuma, uani kwake Ihembe, mchana kweupe, na wala sijamaliza wiki tangu nifike. Alikuwa anatoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Hakupiga kelele. Aliutua mkungu chini taratibu, akaifunga upya kanga yake kiunoni, kisha akauliza kwa upole ulionitisha kuliko makelele, "Mugole, mwanangu amekukosea nini?"

Mugole ni bibi harusi. Kwao Karagwe na kwetu Kyerwa utaitwa hivyo hata ndoa ikiota mvi.

Mume wangu alivua barakoa yake ya wavu wa chuma, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu aliyeshika silaha ni mimi.

Nieleze vizuri, maana hata mama mkwe ilibidi aelezwe mara mbili. Kitara ni upanga mwembamba usio na makali, wenye kitufe nchani. Mnavaa nguo nyeupe nzito na barakoa, mnasimama kwenye njia nyembamba, na anayemgusa mwenzake kwa ncha anapata pointi. Tuliuanza mchezo huo tukiwa mwaka wa kwanza wa udaktari, Dar es Salaam, kwa kuwa mwalimu mmoja alikuwa anaufundisha bure katika ukumbi jirani na hosteli zetu. Wengine walifuata mazoezi, mimi nilifuata mahali pa kupeleka hasira zangu. Hapo ndipo nilipokutana na kijana wa Ihembe, mrefu, mpole, mwenye mikono kama fito za kujengea. Nilimgusa, akacheka. Nikamgusa tena, akacheka tena. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje? Nilikubali kuolewa naye.

Tulipofunga ndoa sote wawili tulikuwa kwenye kikosi cha wanaowania timu ya taifa, na masomo yalikuwa yamepamba moto. Watu walitukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Sisi tulishika matatu: udaktari, vitara na ndoa. Asubuhi wodini, mchana darasani, jioni ukumbini, na chakula tulikula tukiwa tumesimama, yeye kashika sufuria, mimi mwiko. Nilikuwa na furaha sana. Nasema hivyo wazi kwa sababu kila tunayemsimulia hutupa pole.

Muda wa kujisomea ndio uliokuwa hautoshi, basi tukatunga kanuni. Kila tukifanya mazoezi, anayeguswa anajibu swali la masomo kabla hatujaendelea. Ukiguswa, taja tabaka za ukuta wa tumbo. Ukiguswa tena, taja dalili za homa ya uti wa mgongo. Tuliiona ni akili kubwa, tukajisifu mpaka kwa wenzetu.

Matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, mume wangu alifaulu kila kitu. Mimi nikaanguka famakolojia, somo la dawa.

Niliwaka. Nilimlaumu msahihishaji, nikailaumu mitandao, nikamlaumu hata mume wangu kwa kufaulu. Ilinichukua siku kadhaa kuona jambo ambalo mtoto angeliona: mimi ndiye niliyekuwa namgusa yeye muda wote. Anayeshinda haulizwi. Kwa mwaka mzima nilikuwa namfundisha mwenzangu udaktari kwa ncha ya kitara, huku mimi natoka jasho tu.

Chuoni ukianguka somo unarudia mtihani mwishoni mwa likizo, nao tunauita sapu. Ukiianguka sapu, unadisko. Kudisko ni kufukuzwa masomo, unafunga sanduku, unarudi nyumbani kueleza. Akilini nilimwona baba yangu kule Kyerwa amesimama mlangoni ananiangalia nikishuka kwenye bodaboda na sanduku, nikakosa usingizi. Na kama hiyo haitoshi, mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umepangwa wiki ile ile ya sapu, siku chache baadaye.

Mume wangu akasema, twende kwa mama. Kule hakuna ukumbi, hakuna marafiki, hakuna kelele; kuna kahawa, ndizi na mimi. Utasoma na utafanya mazoezi. Ndivyo tulivyofika Ihembe msimu wa kuvuna kahawa, tukiwa na mabegi mawili ya nguo na moja refu la vitara ambalo kondakta alisisitiza kwamba ni fimbo za pazia.

Sasa rudi pale uani.

"Ni mchezo, mama," nikasema, nimepiga goti na barakoa kwapani.

"Kama mpira?"

"Kama mpira."

"Kwenye mpira mnachomana kifua?"

Mume wangu akaokoa jahazi. Alimwambia mama yake habari zote, za sapu na za kudisko. Mama akasikiliza hadi mwisho. Alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa kahawa na maharage, na neno kufukuzwa shule halikuhitaji kutafsiriwa. Akasema tunaweza kuendelea, ila si mbele ya nyumba ambako wapita njia wanaona. Twende nyuma, kwenye uwanja wa kahawa. Na atakayekanyaga kahawa yake atajua kwa nini marehemu baba mkwe alikuwa anamwogopa.

Uwanja ule ulikuwa mzuri kupita ukumbi wetu wa Dar es Salaam. Mama alikuwa ameanika kahawa juu ya maturubai mawili marefu yaliyolazwa sambamba, na katikati akaacha njia ya kupita na reki wakati wa kuigeuza. Ilikuwa nyembamba na ndefu, kama vile mtu alipima njia yetu ya mashindano. Ukirudi nyuma vibaya, unasikia punje zinaalika chini ya kiatu, na mama anaguna kutoka kwenye kigoda chake. Hakuna mwamuzi aliyewahi kunifundisha nidhamu ya miguu kama huyo.

Kisha tukageuza kanuni. Kuanzia hapo anayegusa ndiye anayeulizwa. Nikitaka pointi, nilipie kwa jibu. Uani hapakuwa na ile mitambo ya mashindano inayowasha taa ncha ikigusa, kwa hiyo tulifuata desturi ya zamani ya mchezo wetu: aliyeguswa hutamka mwenyewe. Muungwana akiguswa hasubiri kuulizwa.

Nilishambulia.

"Imenigusa," mume wangu akasema, akashusha kitara. "Dawa gani ya kifua kikuu inaharibu macho?"

"Ethambutol."

"Inayoleta ganzi miguuni?"

"Isoniazid. Unampa na vitamini B6. Simama vizuri, nakuja tena."

"Imenigusa. Mama mjamzito ana kifafa cha mimba, umempa magnesiamu, sasa kupumua kunapungua. Unafanyaje?"

Hapo nikakwama, nikasimama kama nguzo, kitara hewani, jasho likiingia machoni. Yeye akangoja. Mama akageuza kahawa. Nikakumbuka kalsiamu, nikaitaja kwa sauti iliyowakimbiza kuku.

Nikiwa nimeketi na daftari nilikuwa nasinzia. Nikiwa nimeshika kitara, nilikuwa tayari kujibu chochote ili niruhusiwe kumchoma tena mwanaume huyu. Siku hadi siku nilimgusa zaidi. Asubuhi umande ukikauka tunaanza, jua likiwa kali tunakula bitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, alasiri tunarudi. Nilimgusa bega, nikamgusa mkono, nikamgusa ubavu. Nikaanza kujiona nimefikia kiwango ambacho timu ya taifa ingenipigia magoti.

Habari hazina mlango. Kuna mzee jirani aliyetuchungulia kupitia migomba, akaona nguo nyeupe na barakoa za wavu, akaja na heshima zake zote kutuomba tukamtolee nyuki waliohamia darini kwake. Tulimwambia sisi si warina asali, ni wanafunzi wa udaktari. Alitutazama juu mpaka chini, akasema basi magonjwa ya siku hizi yamekuwa makali.

Ila habari iliyotembea mbali ilikuwa nyingine. Mzee aliporudi kwake alisimulia alichosikia: mke anachoma, mume anakiri. Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa kanisani walimzunguka mama mkwe wangu. Eti ni kweli kijana wako, daktari mtarajiwa, anapigwa na mkewe kila siku, na anasema mwenyewe kwa mdomo wake? Nilikuwa hatua chache tu, nikajifanya natafuta kiatu. Vijana wa bodaboda pale njia panda ya kwenda Ihanda nao wakawa wanamwita mume wangu "Imenigusa". Akipita tu, mmoja anashika kifua na kuyumba, "Imenigusa!" Yeye anawapungia mkono.

"Hawakuudhi?" nilimuuliza.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," akanijibu, anamenya ndizi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Tukarudi Dar es Salaam. Sapu ilikuwa na karatasi ya kuandika na kisha mahojiano mbele ya walimu. Kwenye karatasi nilijikongoja. Kwenye mahojiano profesa mmoja akaniuliza: mkulima ameletwa, amekunywa dawa ya kupulizia mimea, anatoka mate na machozi, kifua kimejaa maji, utampa nini na utaacha lini? Nikasema atropini, na nitaendelea mpaka kifua kikauke, nisidanganywe na mboni za macho kupanuka. Profesa akaandika kitu bila kuinua kichwa. Nilitoka pale sijui kama nimepona au nimekufa.

Siku chache baadaye, mchujo. Niliingia nikiwa nimejaa upepo. Nikasalimia, nikavaa barakoa, nikamshambulia dada wa kwanza niliyepangwa naye kwa shambulio lile lile lililommaliza mume wangu kule Ihembe. Taa haikuwaka. Nikaenda tena. Haikuwaka. Nikamwambia mwamuzi mtambo ni mbovu. Wakaujaribu, ukawaka vizuri kabisa. Nilishindwa pambano hilo, nikashindwa lililofuata, na la tatu ndilo lililonifungua macho, kwa sababu niliangalia ncha yangu badala ya kumwangalia mtu: ilikuwa inaishia kiganja kimoja kabla ya koti lake. Kila mara, kiganja kimoja.

Mkono wangu ulikuwa unalijua hilo tangu Ihembe. Kiburi ndicho kilichokataa kuusikiliza.

Nilimfuata mume wangu kule nyuma ya ukumbi na kitara mkononi. "Ulikuwa unanidanganya! Nilikuwa sikufikii!"

"Mwanzoni ulikuwa unanifikia," akasema. "Baadaye nikaona usiponigusa sikuulizi, na usipoulizwa husomi."

"Kwa hiyo ukaniharibia vitara vyangu?"

"Vitara vina mchujo mwingine mwakani. Wewe ukidisko, hakuna mwakani."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, maana mama yangu anajua kusoma. Na kilichonimaliza kabisa ni kwamba yeye alichaguliwa. Akiwa wa mwisho kwenye orodha, lakini alichaguliwa! Wiki zote zile alikuwa anafanya mazoezi ya kurudi nyuma kiganja kimoja nje ya ncha yangu, katikati ya kahawa, bila kukanyaga punje. Mwalimu wetu alisema hajawahi kuona mtu aliyejifunza kukwepa hivyo kwa likizo moja.

Sikuzungumza naye. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja, tunazunguka wodi moja, na sikuzungumza naye isipokuwa kwa ajili ya mgonjwa. "Daktari, nipe kipimo cha presha." "Asante, daktari." Wagonjwa walituona watu wenye adabu sana.

Matokeo ya sapu yakatoka asubuhi moja, nikayafungua kwenye simu. C. Kwenye sapu hata ujibu kama malaika hupati zaidi ya C, kwa hiyo hiyo C ilikuwa kila kitu. Sikudisko. Niliruka, nikamkumbatia mume wangu kabla sijakumbuka kwamba nimemnunia, na baada ya hapo nikaona haina maana kuanza upya.

Nikampigia mama mkwe. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Nilimwacha amalize, kisha nikajikaza, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanila tangu siku ya mchujo, nalo ni wale akina mama wa kanisani na wale vijana wa njia panda.

"Mama, kuna kitu nataka ukijue. Mwanao hakuwa anashindwa na mimi. Nilikuwa simfikii, anasingizia tu. Tafadhali waambie watu huko."

"Ninajua, mwanangu," akasema. "Si nilikuwa nimekaa pale pale na reki yangu? Siku moja wewe umeenda kuchota maji, nikamwambia, kijana, chuma hakikugusi, mbona unajidhalilisha mbele ya watu, na mimi wananicheka? Akaniambia, mama, nyamaza, mke wangu anasoma."

Mume wangu alikuwa mlangoni amekwisha vaa koti lake jeupe, ananionyesha saa, ananiuliza kwa macho kama kwao ni heri. Nikampa simu aongee na mama yake, nikageukia ukutani nikalia kwa raha zangu, na siku hiyo tulichelewa wodini.