Sekunde Kumi na Moja Chini ya Blanketi

Saa moja na dakika arobaini na saba asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nilimtumia mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, ujumbe kwamba koo limenibana, sauti imekatika kabisa, na sitaweza kuja kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima ya kila mwezi. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika miaka tisa ya ukatibu wa mtaa, na naandika habari hii kwa sababu Kagarama nzima wanaisimulia vibaya. Wapo hata wanaosema nilikutwa uchi. Sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa kaptura na soksi, na kichwani nilikuwa na blanketi. Aibu naikubali, ila iwe ileile iliyonipata.

Mimi ni mtunza ghala kule Masoro, nina miaka hamsini na miwili, na gitaa nimejifundisha mwenyewe kutoka kwenye kanda moja ya bendi ya roki ambayo mimi na kaka yangu tuliisikiliza tulipokuwa tunakua Karagwe, mpaka utepe ukakonda. Kuna wimbo humo ambao mwishoni mwimbaji anapiga ukelele mmoja usiokatika, na nimeupima kwa saa mara nyingi: sekunde kumi na moja. Tangu ujana nimetaka kurekodi wimbo ule kwa sauti yangu, mzima, na ukelele wake. Mwaka jana nilikwenda studio kuuliza, na fundi akanitazama mvi akaniambia kwa upole, "Muzehe, wewe piga sekunde tatu tu, zilizobaki tutaziunga kwa kompyuta." Nikamshukuru nikaondoka. Jioni hiyohiyo nilianza kusoma namna ya kurekodi nyumbani.

Nilisoma miezi saba. Nilinunua maikrofoni, nikarekodi magitaa yote na besi, ikabaki sauti, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, maana niliandika jedwali la kelele za mtaani kwa wiki sita (saa za pikipiki, saa za fundi mageti kusaga chuma, saa za kwaya kufanya mazoezi, na jogoo wa jirani ambaye hana saa) nikakuta kwamba mwezi mzima una nafasi moja tu ya kimya, nayo ni asubuhi ya umuganda, magari yanapokuwa yamesimama na watu wote wako bondeni, mita mia sita kutoka kwangu, wakizibua mitaro. Wote, pamoja na mimi, ninayeshika daftari la mahudhurio na kuandika majina ya wasiofika. Sijawahi kumwonea mtu huruma katika daftari lile.

Mke wangu Verena alichukua jembe lake akasimama mlangoni. "Mimi uongo siubebi," akasema. "Wakiniuliza nitasema umebaki ndani, basi."

Nikaweka godoro dirishani. Nikajifunika blanketi pamoja na maikrofoni, ili sauti isirudi kutoka ukutani. Maikrofoni ilikuwa chini ya mdomo kwa sentimita nne, nikachukua kitabu kinene kuliko vyote rafuni nikakiweka chini yake, ikafika sawasawa. Nikavaa visikilizio, nikaanza. Ukelele wa kwanza ulinipa sekunde nane. Wa pili ulivunjwa na kikohozi. Wa tatu, tisa na nusu.

Huko bondeni kazi ilikwisha, wakataka kuanza mkutano, mkuu wetu Evariste akaomba daftari la mahudhurio. Daftari halikuwepo. Kila mwezi nalibeba mimi, na siku ile sikukumbuka kumpa Verena, kwa sababu kitabu kile kinene kilichokuwa chini ya maikrofoni yangu ndicho daftari lenyewe. Evariste, aliyekulia Bujumbura, ni mtu mwenye huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniangusha: alisema mtu ambaye hajakosa hata mara moja kwa miaka tisa hawezi kuachwa peke yake na ugonjwa, kwa hiyo wapande wote wamjulie hali, na mkutano ufanyikie kwenye geti lake. Verena alijaribu kusema atakimbia alilete daftari mwenyewe. Wakamsifu kwa moyo wake, wakampokea jembe, wakapanda naye. Watu arobaini na watatu.

Sasa fikirini walichokisikia. Muziki ulikuwa masikioni mwangu tu. Wao, wakiwa uani, walisikia mtu aliyepoteza sauti akipiga mayowe peke yake gizani, kwa Kiingereza, akinyamaza, akihema, akisema kwa nguvu "Haitoshi, tena," kisha akianza upya. Walibisha hodi (inasikika kwenye rekodi, mara tatu). Mama Bosco, mshauri wetu wa afya, akasema malaria imempanda kichwani, hodi za nini, na Evariste akasukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka.

Wakati huo nilikuwa kwenye sekunde ya sita. Macho nimefumba, mikono nimeitanua kama mtu anayepima kitambaa. Ya saba. Ya nane. Ya tisa nikahisi upepo, nikafumbua macho, nikaona kwa chini ya blanketi mabuti ya tope, jozi nyingi mno kuwa za Verena. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa nimesubiri tangu Karagwe. Nikaendelea: kumi, kumi na moja, nikafunga mdomo.

Mkono uliingia chini ya blanketi ukanigusa paji la uso.

"Baba Aline," akasema Mama Bosco, "homa hakuna."

Evariste akanifunua. "Sasa iko inauma wapi, Katibu?"

Nikamwambia hakuna kinachouma, nilikuwa naimba. Evariste alitazama mezani, akainua maikrofoni kwa vidole viwili, akavuta daftari, akalipangusa kwa mkono wa shati, akanipa na kalamu. Nilimwomba dakika moja nihakikishe kwanza rekodi imehifadhiwa. Hapo ndipo walipocheka, na mzee mmoja nyuma akauliza kama wimbo ulikwisha au wao wameukata.

Mkutano ulifanyika uani kwangu. Niliandika majina arobaini na matatu ya waliofika, kisha kwenye ukurasa wa wasiofika nikaandika langu, kwa mwandiko uleule. Kwenye sehemu ya sababu niliandika: kuimba.

Hawakuondoka mpaka wausikie. Nikatoa spika, wakasimama na majembe yao kusikiliza wimbo wote, na ukelele ulipofika nilimwona Evariste akitazama saa yake. "Kumi na moja," akasema. Akatikisa kichwa taratibu, akaomba urudiwe.

Kaka yangu, nilipomtumia, aliuliza ngoma ile ya mwishoni niliipata wapi. Ni komeo. Najua namna ya kulifuta, sijalifuta. Ila sitamwambia mtu tena kwamba ninaumwa nikiwa mzima, na umuganda sitaukosa tena kwa ajili ya wimbo wowote, hata wenye sekunde ishirini.

Faini ya kukosa umuganda hapa hulipwa kwa katibu. Nikatoa noti mfukoni, nikajipokea, nikajiandikia risiti na kuisaini pande zote mbili: faranga elfu tano.